Muulize Fundi: Hedi imechoka, hela ni ndogo, mlima wa Kimara uko palepale

Mwezi huu meseji za hedi, yaani kile kifuniko cha juu cha injini chenye valvu, vile vilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi, zimekuwa nyingi kuliko za gia boksi na suspensheni ukizijumlisha, nadhani ni kwa sababu watu wameamua kuitunza injini waliyonayo badala ya kukimbilia Ilala kununua ya mtumba ambayo hujui imetoka kwenye gari iliyogongwa au iliyochemka. Nafurahi sana kuona hivyo. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu mana ndani yake kuna maswali ya watu wengi.

Shikamoo fundi. Nina TownAce ya mzigo, injini 5K ya kabureta, nabeba vinywaji kutoka Kariakoo kwenda Mbezi na Kibamba. Zamani ilikuwa inapanda Kimara na gia ya tatu, siku hizi nikiwa na mzigo naingia ya pili na magari ya nyuma yananipigia honi. Fundi wangu anasema hedi imechoka, ataifungua aifesi sana, yaani aikwangue uso mashineni, ili kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda) ipande, na ana rafiki yake atapanua matundu ya hewa kwa mashine mpaka yang'ae kama kioo, eti itavuta kuliko mpya. Mfukoni nina laki nne na nusu, basi. Nimpe kazi? – Dereva wa mzigo, Mbezi Luis

Marahaba mwanangu, na pole na huo mlima, naujua. Usimpe kazi kwanza. Fundi wako hapo aliposema hedi imechoka inawezekana kabisa yuko sahihi, ila hizo dawa mbili alizotaja, kufesi sana na kupanua matundu mpaka yang'ae, zinaweza kuiua hedi ambayo ingekufanyia kazi miaka mingi bado.

Anza na geji ya kompresheni. Injini iwe ya moto, toa plagi zote nne, chomoa waya wa koili, kanyaga mafuta mpaka chini, mtu apige stata mpaka mshale wa geji ugome kupanda. Injini ya namna hii ikiwa nzima inakupa kama paundi 150 au zaidi kwa kila silinda, na tofauti ya silinda na silinda isizidi 15 hivi. Ukikuta moja ina 100, mwagia kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi afu pima tena: ikipanda sana ujue ni ringi za pistoni, isipopanda tatizo liko juu, valvu au gasketi. Silinda mbili za jirani zikiwa chini kwa pamoja, tuseme ya 2 na ya 3, hapo mara nyingi gasketi imeungua katikati yao. Kazi yenyewe haizidi nusu saa na inaweza kukuokolea laki nne zote, mana ukitengeneza hedi ikafunga vizuri kabisa huku ringi zimekufa, gari itaendelea kula oili, pengine hata zaidi, na ile nguvu uliyoilipia huioni.

Tuchukulie ringi ni nzima. Fungua hedi injini ikiwa imepoa kabisa, ya usiku kucha, legeza bolti kuanzia za pembeni kuja katikati, kila moja kidogokidogo, mana hedi ya 5K ni ya aluminiamu na bloku ni chuma, na aluminiamu ikipata moto inatanuka karibu mara mbili ya chuma, kwaiyo ukiifumua ya moto tena kwa pupa inapinda mikononi mwako. Chukua boksi la katoni, toboa matundu manane, chomeka fimbo za roka, zile zinazosukuma valvu zifunguke, kwa mpangilio uleule zilivyotoka, na valvu vilevile, kila moja irudi kwake.

Safisha mkaa wote afu tafuta ufa kabla hujatoa hata shilingi. Kuna njia ya zamani na inafanya kazi: paka mafuta ya taa kwenye chemba, yale mabonde ya hedi yanayofunika silinda, hasa katikati ya siti mbili (yale maduara valvu zinapokalia) na pembeni ya tundu la plagi, yaache kama robo saa, futa mpaka pakauke, halafu saga chaki ya shuleni upake ule unga juu. Kama kuna ufa mafuta ya taa yaliyojificha ndani yake yatatoka kidogokidogo na utaona mstari mwembamba wa kijivu unajichora wenyewe kwenye weupe wa chaki. Ukiuona huo mstari simama hapohapo, hedi hiyo haistahili hela yako mpaka mtu mwenye mashine ya kupima kwa presha na maji ya moto aseme inatengenezeka.

Sasa tuje kwenye nguvu yenyewe. Mashine ikizunguka mara 3,000 kwa dakika kila valvu inafunguka na kufunga mara 25 kwa sekunde, na kila mara inatakiwa ikalie duara la chuma lenye upana wa kama milimita moja na nusu bila kuachia upenyo hata wa unywele. Gari yako ilipokuwa inapanda Kimara na gia ya tatu hayo maduara manane yalikuwa yanafunga. Leo yameliwa, yana vishimo, gaidi, yaani vile vibomba mguu wa valvu unamopita, zimepanuka valvu inacheza kama jino bovu, na kila mlipuko unapotokea sehemu ya nguvu inapita pembeni ya valvu kwenda kwenye egzosi. Kwaiyo kabla ya kuwaza nguvu mpya, rudisha ile iliyokuwa inavuja. Kwa uzoefu wangu hedi ya zamani ikifungwa vizuri tu, wenye gari wengi wanadhani umewawekea injini nyingine.

Kazi inaanzia kwenye gaidi, sio kwenye siti, na hapa ndipo watu wengi wanapochoma hela. Kile kifaa cha kuchongea siti kinajishikiza kwenye tundu la gaidi, gaidi ikiwa imelika siti itachongwa upande, utasaga valvu mpaka vidole viote sugu na bado itavuja. Vuta valvu nje kama sentimita moja uitikise, ukihisi inacheza waziwazi mwambie fundi apime. Kwa injini nyingi za Toyota za zamani mwisho wa uvumilivu ni kama 0.08 mm kwa inteki (valvu za kuingiza hewa) na 0.10 mm kwa egzosi (za kutoa moshi), ikizidi hapo gaidi zitolewe ziwekwe nyingine. Zikishakaa ndio mwende kwenye siti, na mwambie mchonga vyuma kwa maneno haya: nataka kona tatu, 30, 45 na 60. Ya 45 ndio inayofunga, ya 30 juu yake na ya 60 chini yake zinaiongoza hewa ipinde bila kugonga ukingo. Upana wa pale inapofunga uwe 1.2 mpaka 1.5 mm kwa inteki, egzosi muachie mpaka kama 2 mm kwa sababu valvu ya egzosi joto lake jingi inalitolea hapohapo kwenye siti inapokaa, ukiifanya nyembamba kwa tamaa ya hewa itaungua. Na akiwa na mashine ya kusagia valvu muombe apige kona ya pili ya 30 nyuma ya valvu za inteki, pale zinapoishia 45. Ni kazi ya dakika chache kwa kila valvu, na inasaidia hewa kupita valvu inapoanza tu kufunguka, ambapo injini ya mzigo ya mwendo mdogo inapahitaji kweli.

Sasa kuhusu huyo rafiki na matundu yanayong'aa. Hewa ina tabia kama ya maji ya mtaroni, mtaro mwembamba maji yanakimbia, ukiupanua yanatulia na takataka zinatuama. Kwenye injini ya kabureta zile takataka ni petroli yenyewe: hewa ikipoteza mwendo matone ya petroli yanaanguka na kulowanisha ukuta, na ukuta ukiwa kioo ndio yanateleza kabisa kama jasho, yanaingia kwenye silinda ni majimaji yasiyoungua vizuri. Gari ya mashindano inayoishi kwenye mzunguko wa 7,000 inaweza kuhitaji njia kubwa, wewe uliyebeba kreti za soda unaishi kati ya 2,000 na 3,500, unahitaji hewa yenye kasi. Kwaiyo usimruhusu mtu apanue njia.

Hedi hizi zinabanwa kwingine. Valvu ikiwa imetoka, ingiza kidole cha shahada kupitia kwenye siti kwa upande wa chemba, ukipeleke taratibu ndani. Kama sentimita moja tu chini ya siti utahisi kiukingo kinakukwaruza, kama mdomo wa kopo la maziwa uliokatwa kwa kisu. Hapo ndipo siti iliposindikwa kiwandani na aluminiamu haikulingana na pete, hewa yote ya silinda inajikwaa hapo. Hicho kiukingo ndio cha kuondoa, kwa jiwe dogo la kabaidi kwenye mashine ya mkono, halafu msasa namba 80 uliouviringisha kwenye kijiti chenye mpasuko, mpaka kidole kipite bila kukwama. Kwenye inteki ishia hapo hapo kwenye 80, ule ukwaruzo mdogo unasaidia petroli isitulie ukutani. Egzosi ukitaka ing'arishe mpaka mkono uchoke, huko haidhuru na mkaa utachelewa kushika. Kwenye kona fupi ya ndani, pale hewa inapopinda kuingia chemba, lainisha tu, usichimbe. Mwisho weka gasketi ya manifoldi kwenye hedi uchore kwa msumari, angalia kama tundu la manifoldi na la hedi vinalingana, mara nyingi kimoja kimetokeza milimita mbili na hewa inagonga ngazi.

Nakwambia usichimbe kwa sababu nilichimba. Nikiwa kijana gereji moja ya Temeke nilipewa hedi ya Datsun 120Y ya mzee mmoja mstaafu, nikaisaga njia zake jioni nzima nikifurahia zinavyong'aa, na kwenye ya tatu nikaona kitone cheusi kimejitokeza ukutani, nikadhani ni uchafu, nikapitisha tena jiwe. Kilikuwa ni njia ya maji. Ukuta pale haukufika hata milimita tatu. Yule mzee hakunigombeza, alikaa kwenye ndoo akaiangalia ile hedi muda mrefu, na nililipa hedi nyingine kwa mshahara wa miezi mitatu. Mpaka leo nikishika ile mashine napima ukuta kwanza kwa waya uliopindwa, nje na ndani.

Tumalizie na kufesi. Kwanza sababu halali ni kunyoosha: weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya hedi, kwa urefu, kwa upana na kwa mikingamo miwili, jaribu kupitisha fila geji (kibati chembamba cha kupimia upenyo) ya 0.05 mm chini yake, ikipita hedi imepinda, ifesiwe kiasi cha kunyooka tu. Ukitaka kupandisha kompresheni kidogo inawezekana ila kwa hesabu, sio kwa jicho. 5K ina sisi (cc, yaani sentimita za ujazo) 1,486 na kipenyo cha silinda 80.5 mm, kwaiyo kila silinda inameza kama sisi 371. Tuseme umepima nafasi yote inayobaki pistoni ikiwa juu kabisa, yaani chemba ya hedi, unene wa gasketi na bonde la pistoni kama lipo, ukapata sisi 45. Jumlisha 371 na 45, gawanya kwa 45, unapata 9.2 kwa 1, huo ndio uwiano wa kompresheni. Ukitaka 9.7 nafasi inatakiwa ishuke mpaka kama 42.6, kwaiyo unaondoa sisi 2.4 tu kwa kila chemba. Sindano ya mililita 10 ya duka la dawa inatosha kupimia: funga valvu na plagi, laza hedi ikae sawa kwa pima maji, paka grisi pembeni ya chemba, funika na kipande cha plastiki ngumu chenye tundu dogo, jaza mafuta ya taa kwa sindano huku unahesabu. Afu toa plastiki, nyonya sisi 2.4, pima kwa venia mafuta yameshuka milimita ngapi kutoka kwenye uso wa hedi, na hicho ndicho kina cha kufesi. Mara nyingi utakuta haifiki hata milimita moja. Zidisha hapo kwa kubahatisha na utasikia injini inagonga mlimani kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo, na ule mlio unatoboa pistoni.

Ukishafesi fimbo za roka zinakuwa kama zimerefuka, weka washa nyembamba zenye unene sawa na ulichokwangua chini ya miguu ya shafti ya roka, na mguu unaopitisha oili washa yake iwe na tundu, nimeona roka zimekauka na kufa kwa kusahau hilo tundu. Kama umeondoa zaidi ya nusu milimita bandika udongo wa kuchezea watoto juu ya pistoni, fungia hedi kwa muda, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili, fungua ukate ule udongo upime ulipobonyea: usipungue kama 2 mm kwa inteki na 2.5 kwa egzosi. Wakati wa kufunga, matundu ya bolti kwenye bloku yawe makavu kabisa, oili ikibaki chini bolti inakaza oili badala ya hedi na inaweza hata kupasua bloku. Toki renchi ukiazima kwa rafiki sio aibu, kaza kuanzia katikati kwenda pembeni kwa awamu tatu. Tapeti, yaani ile nafasi ndogo kati ya roka na mguu wa valvu, kama ni za kurekebisha, kwa hizi injini za K ni 0.20 mm inteki na 0.30 mm egzosi injini ikiwa ya moto.

Na hela yako iende hivi: kwanza gaidi na siti kwa mchonga vyuma mzuri, ndipo seti nzima ya gasketi yenye jina pamoja na oili sili za valvu, halafu kufesi kidogo. Usagaji wa valvu kwa dawa na kijiti cha mpira ufanye mwenyewe Jumapili, na kile kiukingo umuombe fundi mkiondoe pamoja. Kabla ya kufunga mimina mafuta ya taa kwenye njia za inteki na egzosi, kaa dakika tano, chemba ikibaki kavu kote nane zinafunga. Ikilowa hata moja, irudishe kwa mchonga vyuma huku risiti iko mkononi.

Fundi, nafufua Land Rover Series III ya marehemu baba, ya petroli, hedi ya chuma. Kila nikirekebisha tapeti baada ya wiki chache za egzosi zimebana tena na gari inakosa nguvu. Hapa mtaani wananiambia ni kemshafti. – Msomaji, Kigamboni

Pole kwa msiba, na hongera kwa kuishika hiyo gari. Kemshafti, ile shafti yenye vinundu vinavyofungua valvu, ikilika nafasi ya tapeti inaongezeka, yako inapungua, kwaiyo sio kemshafti. Kinachotokea valvu za egzosi zinazama ndani ya hedi kidogokidogo, na zikizama mguu wa valvu unapanda juu na kula ile nafasi.

Zamani petroli ilikuwa na risasi, na ile risasi ikiungua ilikuwa inaacha utando mwembamba juu ya siti unaozuia valvu na siti visishikane vikiwa vya moto. Ilikuwa sumu, hasa kwa watoto, na nchi zetu za kusini mwa Sahara ziliacha kuiuza kufikia mwanzoni mwa 2006. Uamuzi sahihi kabisa. Ila siti iliyochongwa moja kwa moja kwenye chuma laini cha hedi ilibaki bila kinga, kila valvu inapofunga inang'oa chembe ndogo ya chuma, na ukikimbiza gari au ukibeba mzigo inaenda haraka zaidi.

Fungua hedi, safisha siti za egzosi kwa msasa laini, angalia kwa taa. Ukiona mstari wa duara unaotenganisha vyuma viwili, kuna pete tayari na inabadilishwa. Usipouona, siti ni hedi yenyewe, basi mchonga vyuma achimbe nne za egzosi asindike pete ngumu. Inteki ziache, zinapozwa na hewa na petroli inayoingia. Vile vichupa vya dawa ya kumwagia kwenye tangi mimi sikushauri kama suluhisho, ni gharama ya kila siku na pete unaweka mara moja. Na kwa kuwa hedi itakuwa chini, angalia uwiano wako wa kompresheni: hizi injini za sisi 2,286 zilitoka za 7 kwa 1 na nyingine za 8 kwa 1. Kama yako ni ya 7, kuifesi kwa kipimo ifike 8 ni nguvu ya kweli na ya bei nafuu, kwa petroli ya leo 8 haina shida yoyote.

Kaka fundi, nina bodaboda ya 150 nimemkabidhi kijana, asubuhi inawaka vizuri ila ikishapata moto mchana inagoma, mpaka ipoe. Kijana anasema inataka hedi mpya. – Mama wa watoto wawili, Mbagala

Dada yangu, subiri kununua. Inayowaka ya baridi na kugoma ya moto, mtu wa kwanza kushukiwa ni tapeti zilizobana. Valvu ikipata moto inarefuka, nafasi ikiwa hakuna inabaki imeachama, kompresheni inatoroka. Mafundi wengi wa boda wanakaza tapeti kwa sikio, wanataka injini ikae kimya, na mteja anafurahi kimya kile, kumbe valvu ya egzosi inaungua. Tapeti inayolia kidogo sana ni salama kuliko ya kimya.

Pikipiki ikiwa imelala usiku kucha, zipimwe kwa fila geji kwa namba za kitabu cha pikipiki yako, simama umuone anapima. Ikiwa bado inagoma baada ya hapo, hedi ifunguliwe, valvu ya egzosi ikionekana ina jino limeliwa pembeni nunua valvu hiyo moja na sili zake, siti ichongwe, zisagwe. Hedi mpya ni kwa yenye ufa au iliyokufa uzi wa plagi, na hata uzi wa plagi unawekewa kipande kingine cha uzi na maisha yanaendelea.

Hiace yangu ya dizeli 3L ilichemka Chalinze mpaka ikazima. Fundi kaifesi hedi, akatoa na thamostati "isichemke tena". Wiki tatu kemshafti imekatika. Tumeuziwa kemshafti feki? – Mmiliki wa daladala, Gongo la Mboto

Inawezekana kemshafti ni nzima na umeionea. Kwenye 3L kemshafti inalala juu ya hedi yenyewe. Hedi ikipinda kwa moto inapinda yote, chini na juu. Mkikwangua chini ikanyooka, juu vile vitanda vya kemshafti vimebaki na mgongo, mmefunga shafti iliyonyooka kwenye njia iliyopinda, inazunguka huku inapindwa kila mzunguko mpaka inachoka na kukatika. Kabla ya kufesi hedi ya namna hii lazima ilazwe kemshafti bila valvu, ikazwe vikombe vyake, izunguke kwa vidole viwili. Ikigoma hedi inanyooshwa kwanza kwa joto na presha kwa mtu anayeijua kazi hiyo, au inatafutwa nyingine. Na kwa dizeli usikubali kabisa kufesi kwa ajili ya nguvu, uwiano wake tayari uko zaidi ya 20 kwa 1 na valvu ziko karibu mno na pistoni. Gasketi zake zinakuja na unene tofauti, inachaguliwa kwa kupima pistoni inavyochomoza juu ya bloku, usinunue yoyote iliyopo dukani.

Thamostati irudishe. Injini isiyo nayo inachelewa kupata moto, inakula mafuta na kulika, na ile sababu ya kuchemka iko palepale. Niulize unaweka maji gani. Kama ni ya kisima, na visima vingi vya huku kwetu ni vya chumvi, chungulia matundu ya maji kwenye hedi na bomba za rejeta, aluminiamu itakuwa na vidonda vyeupe kama ukurutu na rejeta imeziba nusu. Safisha rejeta mpaka ndani, weka kulanti iliyochanganywa na maji safi yasiyo na chumvi, badilisha mfuniko wa rejeta maana mpira wake ukichoka presha haikai. Hilo fanya kabla hujagusa hedi, mana hedi nyingine ukiifunga juu ya rejeta ileile utakutana nayo Chalinze tena.